Daftari la wasioshika kalamu: Leso na historia ya wanawake wa Pwani

Hebu tuanze na neno moja: mkaja. Kamusi za Kiswahili hulipa neno hili maana mbili. Ya kwanza ni kitambaa ambacho mwanamke hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Ya pili ni zawadi, aghalabu fedha, ambayo bwana harusi humpa mama wa bibi harusi. Ukizitazama maana hizi kwa haraka utadhani ni maneno mawili yaliyokutana njiani kwa bahati. Sivyo. Mkwe anapotoa mkaja huwa anakiri kwamba kabla ya binti huyu kuwa mke wa mtu, yupo mwanamke aliyemzaa, akalala kitandani na kujifunga kitambaa akiuguza tumbo. Hali ni iyo hiyo kwa ubeleko. Hiki ni kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni, na papo hapo ni jina la zawadi ya harusi anayopewa mama yule yule. Baba naye hupewa kilemba.

Kwa hivyo, katika hesabu za ndoa ya Waswahili, kila mtu analipwa kwa jina la nguo, na nguo ya mama inataja kazi aliyoifanya. Hakuna karani aliyeiandika kazi hiyo popote. Lugha ndiyo iliyoitunza, nayo iliitunza ndani ya kitambaa.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba wanawake wa Pwani ya Afrika Mashariki waliandika maisha yao kwa nguo, na kwamba maandishi hayo yanaweza kusomwa kama tusomavyo hati nyingine za historia, mradi tujue namna ya kuyasoma. Nguo nitakayoishughulikia zaidi ni ile ambayo sisi wa Kenya huiita leso na majirani zetu wa Tanzania huiita kanga.

Kwanza tujiulize: kwani hawakuwa na kalamu? Walikuwepo waliokuwa nayo. Mwana Kupona alitunga utenzi wake maarufu mwaka wa 1858 akimwusia binti yake, Mwana Hashima, na miongoni mwa mawaidha aliyompa ni kuhusu kujipamba. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani mwaka wa 1886 akitumia jina la Emily Ruete. Mumo humo ameeleza kwa urefu mavazi ya wanawake wa jumba la kifalme. Hata hivyo, Salme huyo huyo anatueleza kwamba wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifunza kuandika kwa siri. Ikiwa binti wa mfalme alilazimika kujificha ili ashike kalamu, sembuse mjakazi aliyemtekea maji ya kuoga?

Mjakazi huyo ndiye ninayemtafuta. Katika daftari za karne ya 19 tunamkuta kama idadi au bei. Lakini nguo yake tunaijua. Kufuatia mkataba wa biashara wa mwaka wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar shehena za kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Watu wakakiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Hicho ndicho kilichokuwa vazi la watumwa na maskini. Mwanamke alijifunga kipande kimoja chini ya makwapa, mabega wazi. Kulikuwa pia na kaniki, kitambaa kilichotiwa rangi ya nili hadi kikakaribia weusi. Mtumwa hakutarajiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya mwungwana. Wakati huo, wanawake wa tabaka la juu wa Kiomani walivaa suruali, kanzu za hariri na barakoa ya kufunika uso. (Naam, barakoa ni neno lile lile tulilolifufua mwaka wa 2020 tulipohitaji jina la kitambaa cha kujikinga na korona.)

Katika mji wa namna hii, mtu aliweza kusoma hadhi ya mwanamke kabla hajafungua kinywa. Nguo ilikuwa cheti, na cheti hicho kiliandikwa na mwingine.

Ndipo likaja badiliko ambalo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa matukio makuu ya historia ya Pwani ijapokuwa halina siku ya kitaifa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka wa 1897, ingawa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka wa 1909. Katika Pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilikuja mwaka wa 1907. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics kilichotoka mwaka wa 2001, anaonyesha jinsi wanawake waliokuwa watumwa Zanzibar walivyolivua merikani na kaniki wakachukua kanga, na baadaye buibui. Hawakupewa nguo hizo kama sehemu ya uhuru. Walizinunua wenyewe, kwa pesa za vibarua na biashara ndogondogo. Amri ya serikali ilisema mtumwa yu huru. Mwanamke alipotoka nyumbani amejitanda nguo ya pili kichwani na mabegani, ndipo mtaa ulipojua kwamba amri ile imemfikia.

Leso yenyewe ilitoka wapi? Jina lake lina asili katika neno la Kireno lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Masimulizi yanayokubalika na wengi yanasema kwamba vitambaa hivyo viliuzwa kwa mfululizo bila kukatwa. Wanawake wakawa wananunua sita, wanavikata vitatu vitatu, kisha wanavishona pamoja kuwa shuka moja pana. Hizo ziliitwa leso za kushona. Wafanyabiashara walipoona mtindo umeshika kasi, wakaagiza shuka nzima iliyopigwa chapa tayari kutoka Uholanzi, Uingereza na kwingineko. Baadaye zikaja za Japani na India, na baada ya uhuru viwanda vyetu vya Afrika Mashariki vikaanza kuzitengeneza. Jina la kanga nalo husemwa lilitokana na madoadoa ya nguo za mwanzo yaliyofanana na manyoya ya ndege kanga.

Masimulizi haya husimuliwa kana kwamba ni kichekesho cha asili ya jina, ati kumbe leso ni kitambaa cha kupengea kamasi! Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Kitu kilichotengenezwa Ulaya kwa matumizi fulani kilipokelewa na wanawake wa Zanzibar na Mombasa, wakakikata na kukishona upya wapendavyo wao, na kiwanda cha ng'ambo kikalazimika kuwafuata. Mkono wa kwanza kuichora leso ulikuwa mkono wenye sindano.

Leso iliyokamilika ina sehemu tatu. Pindo ni mpaka unaoizunguka. Mji ni uwanja wa katikati. Jina ni maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Huuzwa mbili pamoja, nazo huitwa doti. Zingatia istilahi hizi: nguo ina mji, na ina jina. Anayeuliza dukani "Hii inasemaje?" hashangazwi na mtu yeyote, kwa kuwa leso husema.

Ilianza lini kusema? Uandishi wa majina ulienea mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa ya kuuanzisha au kuueneza aghalabu hupewa Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa, ambaye nguo zake bado zinajulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Majina ya kwanza yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha hati za Kilatini zikachukua nafasi yake. Kwa mwanafunzi wa lugha, badiliko hilo peke yake ni hati ya historia. Linatuonyesha msomaji wa kike aliyejifunza herufi chuoni akitoa nafasi kwa msomaji wa kike aliyejifunza shuleni. Tahajia nayo ina lake la kusema. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka wa 1930. Ukikuta leso iliyoandikwa "ndoo" mahali pa "njoo", basi umekutana na Kimvita kilichokataa kusanifishwa, kikaendelea kutembea barabarani mgongoni mwa mwanamke.

Hapa nasikia pingamizi. Msomaji makini atasema: majina hayo yalichapishwa na wanaume wenye maduka na viwanda. Iweje tuyaite maandishi ya wanawake? Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba "Hasidi hana sababu" huchapishwa kwenye maelfu ya doti. Kama maana ya leso ingekuwa katika wino tu, basi tungekuwa na kumbukumbu za wafanyabiashara.

Lakini leso haisemi lolote ikiwa imekunjwa kwenye rafu ya duka. Husema inapochaguliwa, inapotolewa na inapovaliwa. "Hasidi hana sababu" likinunuliwa na mwanamke wiki ile ambayo jirani amemsengenya, kisha likavaliwa kupita mbele ya mlango wa jirani huyo, limekuwa kauli ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, siku moja. "Nani kama mama" likitolewa na binti aliyeolewa mbali, ni barua. Mtafiti Rose Marie Beck, aliyezichunguza leso za Mombasa kwa miaka mingi, amesisitiza utata uliomo katika mawasiliano haya: mvaaji anasema bila kusema. Akiulizwa, atajibu kwamba alipenda rangi. Jina lenyewe huangukia nyuma, kwa hivyo aliyelivaa halioni. Anayemfuata ndiye asomaye. Kwa mwanamke aliyeishi katika nyumba ambamo kupaza sauti mbele ya mume, wakwe au mke mwenza kungemletea balaa, utata huo ulikuwa ngao. Tukidai kwamba aliyechapa ndiye mwandishi, itatubidi pia tuseme kwamba mwenye kiwanda cha karatasi ndiye aliyeandika barua zote za mapenzi.

Isitoshe, zipo leso zinazosema bila jina. Kisutu, doti ya bibi harusi yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, aghalabu haina maandishi, na bado hakuna mwanamke wa Pwani anayeshindwa kuisoma. Mwanamke anayekaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, huacha mapambo na rangi za kung'aa. Ukosefu wa pambo ndio habari yenyewe. Katika vyama vya lelemama vya Mombasa, ambavyo Margaret Strobel aliviandikia katika utafiti wake, wanawake walivaa sare wakashindana kwa umaridadi, na sare hiyo ilitangaza nani yuko upande wa nani. Strobel na Sarah Mirza walirekodi maisha ya wanawake watatu wa Mombasa wa nasaba na hadhi tofauti, mmoja wao akiwa wa ukoo wa watumwa, wakayatoa kitabuni mwaka wa 1989 na baadaye katika toleo la Kiswahili. Ninakitaja kitabu hicho kwa sababu kinatukumbusha kanuni ya msingi: aliyeishi ndiye anayejua maana ya alichovaa.

Kanuni hiyo niliiona ikifanya kazi nilipokuwa nikikusanya majina ya leso katika Mji wa Kale, Mombasa. Mama mmoja mkongwe aliniruhusu kuorodhesha zilizomo katika sanduku lake. Nilikuwa na fomu yenye safu za jina, rangi na chapa. Yeye alikuwa na mpangilio wake. Alitoa kwanza kisutu kilichofifia, akasema ni cha mwaka wa mafuriko ya Uhuru. Hakutaja tarehe, lakini mafuriko hayo tunayajua. Ni ya mwaka wa 1961. Akatoa ya pili: "Wema hauozi". Hii alipewa na wifi yake aliyemwuguza, na wifi aliposhindwa kusema ahsante kwa mdomo akasema kwa doti. Ya tatu ilikuwa "Japo sipati tamaa sikati". "Hii nilijinunulia mwenyewe," akasema, "mwaka nilioachwa." Akaikunja, wala sikumwuliza zaidi.

Ya nne ilikuwa upande mmoja tu. Nikamwuliza mwenzake yuko wapi, nikidhani umechakaa. Akanieleza kwamba walinunua doti moja yeye na shoga yake, wakaigawa, kila mmoja upande wake, wavae siku moja. Shoga alifariki kabla ya mvua za El Nino. Upande wake ulitumika kumfunika siku ya mazishi. "Kwa hivyo hii haijapungua," akaniambia. "Hii ndiyo ilivyo."

Katika fomu yangu hapakuwa na safu ya kuandika jambo hilo. Mtu wa makavazi angeiona leso ile angeandika kwamba imepungua upande mmoja, na angekuwa amesema kweli. Ila kilichokosekana ndicho kilichokuwa habari. Wanawake wawili waliopendana kama ndugu, ambao huenda majina yao hayamo katika kitabu chochote ila cha vizazi na vifo, wameacha ushahidi wa urafiki wao, na ushahidi huo ni nafasi tupu ndani ya sanduku.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi. Leso ni kumbukumbu inayojila yenyewe. Huanza ikiwa ya kutokea, ikishuka hadhi inakuwa ya kushindia nyumbani, kisha ya kubebea mtoto, ikiraruka inakuwa nepi, na hatimaye tambara la kushikia sufuria. Hakuna ubaya katika safari hiyo. Nguo ni ya kutumiwa. Ubaya ni kwamba mwenye sanduku anapofariki, watoto hugawana zilizo nzima na kuzitupa zilizochakaa, na masimulizi yote huenda kaburini naye. Makavazi makubwa ya ng'ambo, yakiwemo Makumbusho ya Uingereza jijini London, yana mikusanyiko ya leso zetu, nayo imehifadhiwa vizuri kuliko tulivyohifadhi sisi. Lakini aghalabu lebo ya makavazi hutuambia kitambaa ni cha pamba, kina rangi fulani na kilichapishwa mahali fulani. Aliyempa nani, kwa sababu gani, na nani alikusudiwa kusoma, hayo hayajulikani kwa kuitazama nguo. Leso isiyo na masimulizi ni kama bahasha isiyo na barua.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wa shule za sekondari nchini Kenya wamekuwa wakifundishwa utafiti wa nyanjani katika Fasihi Simulizi, na kila mwaka wengi wao huukariri kama orodha ya mbinu za kujibia mtihani: mahojiano, uchunzaji, hojaji. Kwa nini wasiende kwa nyanya zao? Mwalimu awape maswali matano tu. Leso hii ulipewa na nani? Ulipewa lini, na kama hukumbuki mwaka, kulikuwa na tukio gani? Uliivaa wapi mara ya kwanza? Nani ulitaka aisome? Na baada ya kuisoma ikawaje? Majibu yaandikwe kwa lahaja ya msimulizi, yasisafishwe kuwa Kiswahili sanifu, na picha ya leso iwekwe kando yake. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu zinaweza kuyahifadhi, na baada ya muda mfupi tutakuwa na hazina ambayo hakuna makavazi ya Ulaya yanayoweza kuinunua.

Swali la tatu na la nne yasiachwe, hata kama nyanya atacheka au kukwepa. Akikwepa, liandikwe kwamba alikwepa. Tumekwisha kuona kwamba utata ni sehemu ya lugha ya leso, na siri ambayo mwanamke aliificha kwa miaka 40 ana haki ya kuendelea kuificha. Mtafiti mwenye adabu hurekodi kimya cha mtu kama anavyorekodi maneno yake.

Tumezoea kusema kwamba historia ya wanawake wa kale imepotea kwa sababu hawakuandika. Kauli hiyo inatupunguzia kazi. Kweli ni kwamba waliandika, wengine kwa sindano, wengine kwa kuchagua rangi, wengine kwa kumkatia mwenzao upande mmoja wa doti. Sisi ndio hatujajifunza kusoma, na walimu wa somo hilo hawatakuwa nasi kwa muda mrefu. Msomaji aliye na nyanya au mama mwenye sanduku la leso aanze nyumbani kwake, tena wiki hii.